Asubuhi Niliyomwita Asukulu

Nilipokuwa mtoto pale Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, ndevu bado kuota, niliamini kabisa kwamba aliyezama ziwani hatoki mpaka aitwe na wale aliocheza nao mara ya mwisho. Wote tuliamini. Na mpaka atoke, hakuna kuvua ndagala, wale dagaa wetu, hakuna kufua, mitumbwi yote ya kwetu inalala mchangani.

Aliyezama alikuwa rafiki yetu Asukulu. Mimi na Wilondja ndio tuliokuwa naye. Alikuwa ametoka kuugua malaria, akasema amechoka, hataogelea mpaka kwenye mtumbwi uliotia nanga. Tukamcheka: "Uko muoga, we!" Akaingia majini, na hatukumwona akitoka.

Jamani, zile siku! Nikiketi nasimama, nikisimama natafuta pa kwenda. Bamama wauza samaki, mabeseni yao matupu, walikuwa wakitutazama tu. Wilondja akashindwa kuvumilia, akapanda milimani Fizi kwa mjomba wake. Mimi niliogopa kitu kimoja: nikimwita Asukulu asitoke, mtaa mzima utajua kwamba ametukasirikia, kwamba sisi ndio tuliomuua.

Asubuhi moja mamake akaja kwetu, akanishika mkono.

"Kuya tuende. Muite."

"Mama, na akikataa?"

"Muite tu. Sauti ya benzake ndiyo anaweza kusikia."

Nilisimama maji yakinifika magotini. Sauti ikatoka yote, hata sikujali nani anasikia: "Asukulu! Haukuwa muoga! Nilidanganya! Kuya turudi nyumbani!"

Jua halijapanda sana, mtumbwi ukatokea upande wa Ubwari, ng'ambo yetu. Walikuwa wamemfunika turubai. Nililia mpaka nikatapika, lakini ndani yangu nilisema: amenisamehe. Usiku ule nikapata usingizi.

Nimeishi na msamaha ule hadi nikawa mwalimu, na watoto wangu mwenyewe. Mwaka jana nilimkuta mamake Asukulu akianika mihogo, tukaongea ya zamani, na bila hata kuinua macho akasema, "Ile asubui, bavuvi ba Ubwari balikuwa bamesha nipigia telefone. Balikuwa bamesha mupata."

Nikachuchumaa mbele yake.

"Sasa mama, sababu gani ulinipeleka nimuite?"

Akageuza kipande cha muhogo. "Wangu alikuwa amesha kufa. Weye bado."

Nilikasirika, sifichi. Nilijiona nimedanganywa. Kisha, nikiwa njiani kurudi, nikaona haya. Mwanawe alikuwa maiti juu ya maji, na yeye alikuja kwanza kunitafuta mimi niliyemcheka.

Kama Asukulu alinisamehe, sijui tena. Mamake alinisamehe, hilo nalijua. Wilondja yeye hakupata mtu wa kumshika mkono. Mpaka leo yuko Fizi, analima, hashuki ziwani, samaki hagusi. Kila nikipanda kumtembelea nakusudia kumweleza aliyoniambia mama yule, na kila mara tunaishia kuongea habari za mvua.