Chai Haikuwafuta Wazee wa Mwalimu

Nakumbuka asubuhi moja nilitoka chumbani kwangu Bondeni, mjini Nakuru, nikiwa na bisibisi mfukoni, shati moja kwenye mfuko wa karatasi, na hasira nisiyojua niipeleke wapi. Sikuwa na mpango wowote. Kuhama nilikuzoea. Shule niliiacha darasa la saba, nikakata maua Naivasha, nikabeba mbao Molo, na kila nilikofika nilifungua kitu nione kilichomo ndani: redio, saa, pampu ya maji. Ndivyo nilivyoishia kwa ufundi wa kompyuta. Lakini asubuhi hiyo, mwanangu, udadisi haukuwamo. Nilikuwa nakimbia maneno yaliyotoka kinywani mwangu.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, dukani kwetu alikuja mama mstaafu ambaye kila mtu alimwita Mwalimu. Alifuatana na mke wa mwanawe, Chebet, aliyepakata laptopu iliyofungwa kwa leso.

"Ni mimi niliimwagia chai," Chebet alisema kabla hajaulizwa. "Niliteleza na kikombe."

"Usijali, dada," akasema Karis, mwenye duka. "Hapa tumefufua hata zilizooga supu."

Niliifungua. Feni ilikuwa imejaa vumbi jeupe, laini kuliko unga wa ngano. Nikamuuliza Mwalimu kama huwa anasukumia chapati juu yake.

Akacheka. "Hilo ni vumbi la kwetu Kariandusi, kijana. Latoka machimboni. Mbuzi wetu wote ni weupe, hata weusi."

Motherboard, ule ubao mkuu unaounganisha viungo vyote vya kompyuta, ulikuwa umeungua. Nikapata mwingine kutoka kwa laptopu ya aina ile ile iliyovunjika kioo. Nikaubadilisha, nikarudisha feni, nikakaza skrubu. Nilipowasha, taa ikawaka, kisha kioo kikageuka buluu na mashine ikajizima. Mfumo wa zamani uliokuwa kwenye diski ulikataa ubao mpya.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo ninapokasirika hadi leo. Kila alichoandika Mwalimu kilikuwa salama. Chai iliunguza ubao, haikugusa diski, na diski ndiyo ghala. Nilipaswa kuitoa, niichomeke kwenye kompyuta nyingine, ninakili vilivyomo, ndipo niweke mfumo upya. Kazi ya nusu siku. Nilijua hivyo! Lakini watu walikuwa wamejaa kaunta, na Karis akaniita, "Wee, piga window upya, mathe aende nyumbani!" Nikaanza kuweka mfumo upya bila kunakili chochote. Kompyuta yenyewe ikaniandikia swali: kila kitu kitafutwa, je, una hakika? Fikiria, mwanangu. Kidude cha plastiki kilikuwa na adabu ya kuuliza. Mimi nikabonyeza ndiyo, na Mwalimu alikuwa ameketi kwenye benchi, hatua tatu kutoka nilipokuwa.

Mashine ikawaka vizuri ajabu. Nikamkabidhi. Akavaa miwani, akatafuta, akatafuta tena.

"Kijana," akasema, "wazee wangu wako wapi?"

Hapo ndipo nilipojua. Kwa miaka sita Mwalimu alikuwa akizunguka kwa majirani zake, watu walionunua shamba la mzungu kwa kuchangiana fedha, akiandika masimulizi ya wazee: nani alikuja na nani, mpaka wa kwanza ulipandwa mti gani, nani alizikwa wapi. Wengi wa wazee hao walikuwa wamekufa. Chebet ndiye aliyekuwa akimsomea daftari huku yeye akipiga chapa, na daftari zilizokwisha ziliwashia jiko.

Nikafungua mdomo. "Pole, mathe. Hiyo chai iliua motherboard, na motherboard ikifa inakufa na kila kitu."

Chebet akaitazama mikono yake. Mwalimu aliifunga laptopu kwenye leso, na safari hii akaibeba yeye mwenyewe.

Wiki tatu baadaye jirani yao alileta simu dukani. Nikamuuliza habari za Mwalimu.

"Amenyamaza tu siku hizi," akasema. "Na yule Chebet amerudi kwao Bomet. Hakufukuzwa. Alikosa tu mtu wa kumsemesha, na mumewe yuko kazini mbali."

Nilimweleza Karis. Akanipiga bega. "Sasa utafanya nini, umrudishie marehemu? Kila fundi husema hivyo, bro." Alisema kweli, na hilo ndilo lililonichoma. Kesho yake nikaondoka.

Nilipanda gari la kwanza kutoka, lililokuwa likienda upande wa Naivasha. Tulipopita Mbaruk lori likatupita, na kioo cha mbele kikapakwa vumbi jeupe. Nililijua vumbi lile. Nililitoa kwenye feni kwa brashi mimi mwenyewe.

"Boss, nishushe hapa."

"Hapa si steji."

"Najua."

Nikauliza njia hadi kwa Mwalimu. Nilimkuta uani akipepeta maharagwe. Akanitambua.

"Wewe ni wa kompyuta."

"Ndiyo. Nimekuja kusema nilikudanganya." Nikamweleza yote, hadi lile swali la kwenye kioo.

Ungo ukasimama. "Na chai?"

"Iliunguza ubao tu. Wazee niliwafuta mimi."

Akainuka. Nilidhani atanipiga kwa ungo, na nisingekwepa. "Miaka sita!" akasema. "Miaka sita, nawe ulishindwa kuniuliza neno moja! Lakini hao nitawalilia siku nyingine. Huyu msichana je? Ulisimama ukamwona akibebeshwa mzigo wako, ukanipa mimi pole! Na mimi, mwalimu mzima, nikamwamini mgeni mwenye bisibisi kuliko mtoto aliyekaa na mimi miaka minne!"

Akatoa simu, akampigia Chebet, akaiweka sauti ya juu, akaninyooshea. "Sema. Kwa sauti ile ile ya dukani."

Nikasema.

"Tangu siku ile," Chebet akasema, "sijamshikia mtu kikombe. Hata hapa kwetu, mama mzazi ndiye hunimiminia." Kisha, "Mpe Mama simu."

Mwalimu akaichukua, akaenda nayo katikati ya mahindi. Nilimsikia akisema nisamehe, mara nyingi.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu. "Una pa kwenda?"

"Sina."

"Najua. Ungekuwa napo usingefika hapa." Akanifungulia chumba kidogo kando ya jiko. Kulikuwa na godoro, meza, na viti viwili vilivyotazamana. Juu ya meza ilikuwa ile laptopu, bado ndani ya leso, fundo halijaguswa. Ilikuwa nzima kabisa na hakuna aliyetaka kuifungua. "Utalala na hii," akasema. "Keshokutwa Chebet akija, utamwambia tena ukimtazama usoni. Halafu utaniandikia wazee waliobaki." Chebet alikuja, nikamwambia, kisha nikaandika miezi minne, mimi wa darasa la saba.

Mwanangu, mvi zimenijaa, na bado nikipita Nakuru nasikia mafundi vijana wakisema maneno yale yale kwa mama za watu: ilikufa na kila kitu. Damu hunichemka. Usiguse mashine ya mtu kabla hujamuuliza amehifadhi nini ndani. Ukiona haraka imekushika mkono, iweke kazi chini. Na ukiharibu, sema ni wewe, tena sema upesi, kabla macho ya watu hayajamgeukia mwingine. Kitu kilichopotea huenda kisipatikane, lakini mtu asiye na kosa asiachwe alibebe lako hata siku moja.

Mungu akupe mikono yenye subira na kinywa kisichojificha. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akupe miguu ya kurudi hadi mlangoni, na ndani ya mlango huo akuwekee mtu mkali wa kukufungulia.