Usiku wa Ijumaa

Kituo kile cha treni hakikuwa na mtu. Hakuna mkata tiketi, hakuna wa kuulizwa. Kibanda cha kioo tu na benchi la chuma la baridi. Ndiyo maana Bi Mwanamize alikichagua. Mumewe, Ameir, alikuwa amemfukuza mtoto wao Azizi, akaapa hatakanyaga tena nyumba yake pale Hodge Hill, huku ughaibuni, na mtaa wao una macho.

Sasa Azizi alikuwa anahamia Kanada, Jumamosi. Alimpigia mama simu wakati babake yuko kazini, namba ameificha.

"Mama, nataka radhi yako kabla sijaondoka. Uso kwa uso."

"Lini, baba'ngu?"

Kiswahili cha Azizi kilishaota kutu. Akafikiri kwanza. "Usiku wa Ijumaa. Baada ya Magharibi."

"Inshallah, pale kituoni. Nitakuletea chapati."

"Si zile za kuungua?"

"Toka hapa!" Wakacheka wote wawili. Miaka miwili hakukisikia kicheko kile.

Basi Alhamisi ikafika. Bi Mwanamize akasali Magharibi, akamuaga mumewe kwamba anakwenda kusoma Yasini kwa jirani yao Safiya, Mungu amsamehe uongo ule. Akakaa benchini, chapati kazikumbatia ndani ya koti zisipoe. Treni ikaja, wakashuka watu wa kazini, kila mtu na njia yake. Ikaja nyingine, akashuka mzee na mbwa. Nyingine, hakushuka mtu. Chapati zikapoa.

"Kabadili moyo," akasema peke yake. "Babake kamvunja mno."

Akarudi nyumbani. Ijumaa jioni alikuwa jikoni akimpakulia Ameir wali.

Jumamosi mchana binti yake Shemsa akashuka ngazi, macho mekundu.

"Mama, why didn't you go? Azizi alikungoja jana mpaka akachoka."

"Jana? Mimi nilikwenda juzi! Yeye mwenyewe kasema usiku wa Ijumaa."

"Yes, mama. Friday night."

Bi Mwanamize akashika mlango wa friji. "Usiku wa Ijumaa ni Alhamisi, mwanangu. Jua likishazama, siku mpya imeingia."

"Since when?"

Alimfundisha Azizi kusali, kufunga, kula kwa mkono wa kulia. Hili hakumfundisha. Alidhani mtoto hulinyonya pamoja na maziwa.

"Mpigie basi! Mwambie!"

"Ndege imeshaondoka. Namba hakuacha. Alisema nikwambie ameelewa, uko upande wa baba."

Alhamisi nyingine, baada ya Magharibi, Bi Mwanamize alikuwa tena benchini, mikono mitupu. Treni ikasimama. Hakuna aliyebonyeza kitufe cha mlango, milango haikufunguka.

"Radhi nimekupa, mwanangu," akakiambia kioo cha treni. "Nilikupa zamani."

Treni ikaondoka na taa zake.