Merigoldi nilizozing'oa asubuhi

Leo nimesifiwa kwa maua niliyoyatupa kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumuiya ilikuwa inakuja kusali kwangu hapa Pugu. Mnanijua, wageni wakija lazima uwanja ubaki mchanga mtupu, wenye mistari ya fagio.
Sasa pale bombani zilikuwa zimejiotea merigoldi, yale maua ya rangi ya chungwa, ukiyashika mkono unanuka kutwa nzima.
Nikasema magugu haya yataniaibisha. Nikang'oa yote, nikatupa nje.

Saa kumi natoka kuoga, nakuta maua yamejaa kwenye jagi mezani, pembeni ya msalaba. Jamani, sebule imebadilika! Nikajua ni mwanangu.

Wageni wakaingia. Mwenyekiti wetu akasema, "Mama Neema, una mkono wa maua wewe!"

Nilishafungua mdomo niseme asante. (Mungu anisamehe.)

Mara nikamwona jirani yangu Bi Zuhura mlangoni, na ushungi wake, ananiletea vitumbua vya wageni. Ndipo nikalitambua jagi. Ni la kwake!

Nikakiri mbele ya wote. "Mie niliyang'oa. Huyu ndiye kayaokota."

Bi Zuhura akacheka. "Shoga, nilijua una haraka. Nikaona maua nayo ni wageni wako, yasikose ibada."

Nimetoka kumsindikiza sasa hivi. Pale bombani kuna shina moja limepandwa upya, udongo bado umelowa.

Kama una jirani wa hivi, mtaje hapa chini tumwombee. Mie wangu nimeshamtaja.