Ngoma ya Damari na Watu wa Kipimo

Asubuhi ile Damari alinifukuza jikoni. Alitaka nafasi ya kuikausha ngoma yake motoni, ngozi ikaze, maana mchana kulikuwa na harusi kwa jirani yetu Petro. Akanipa kiporo cha ugali wa uwele na mlenda nikalie nje. Aliigonga ngozi kwa kidole, akasikiliza, akairudisha motoni.

"Baba Leah," akasema, "leo watu wataumwa viuno mpaka Jumatano."

Harusini alipiga mpaka jua likapinda. Aliposimama, ubavu wa ngoma ulikuwa na damu.

Hapa Kintinku ngoma ya muheme ni ya wanawake, na mpigaji huibana kwa mapaja. Damari aliipiga tangu usichana. Ikilia, wanawake huacha majembe kuja kuuliza kuna nini. Mimi nilikuwa kibarua wa genge la reli, mpaka reli ilipokodishwa kwa wageni tukaambiwa tupumzike. Miaka hiyo kila kitu kilikuwa na kampuni yake. Hata ugonjwa wa wanawake.

Kampuni ya kipimo ilikuwa imekuja kabla ya harusi hiyo. Ilimleta Gervas, mtu wa shikamoo nyingi, na kasha la barafu. Alieleza kuna kirusi kinachokaa kimya kwenye mlango wa kizazi miaka mingi, mwisho kinazaa saratani. Wazungu wametengeneza kipimo cha kukinasa mapema. Akamwomba Damari awaite wenzake. Damari akapiga ngoma. Wakaja, wakalala juu ya madawati ya shule nyuma ya kanga zilizotundikwa, wakachukuliwa ute kwa kijiti cha pamba. Damari alilala wa kwanza, wenye aibu waone anatoka mzima.

Gervas aliaga kwa neno moja: mwenye tatizo atarudiwa.

Neno hilo ndilo lililomuua mke wangu. Masika yalipita, hakuna aliyerudiwa. Basi wote ni wazima. Damari akachinja kuku, wanawake wakaicheza afya yao uwanjani kwetu. Kwa hiyo damu ilipotoka, nikamwambia twende hospitali, alinicheka. Angekuwa na kitu wangemrudia, alisema. Nami niliamini. Kwetu mjumbe wa msiba hachelewi.

Tulipofika hospitali hakuweza tena kukaa. Nesi Dorkas alimtazama, akaja kuniambia bila kuzunguka. Ni saratani, na imekaa humo siku nyingi. Ingekuwa bado kidonda kidogo angekiona kwa siki tu. Hupaka siki, pabaya pakageuka peupe, akapagandisha kwa gesi ya baridi, mwanamke akarudi kwake kupika.

Siki. Ile ya kutia kwenye kachumbari.

Nikarudi nyumbani nikanoa panga. Sikuwa na wa kumkata.

Kisha Gervas akaja mwenyewe, kwa gari. Safari hii alikuwa na kampuni nyingine, yenye chanjo ya wasichana ya kuzuia kirusi kilekile. Alimkuta Damari mkekani, akampa pole, halafu akaomba ngoma. Damari akakubali upesi. Nilidhani maumivu yamempanda kichwani.

Binti yetu Leah ndiye aliyeibana ngoma, mama yake ameegemea ukuta anamtajia mapigo. Wanawake wakajaa. Damari akamwuliza Gervas mbele yao majibu yao yako wapi. Akazungukazunguka, akasema mambo ya kampuni ni makubwa. Damari akarudia swali.

"Mama, tulikuwa tunakipima kipimo," akasema mwishowe. "Hatukuwa tunawapima nyie."

"Na kurudiwa?"

"Nilisema ili mje."

Mimi niliinuka na panga.

"Keti, baba Leah," Damari akasema. "Huyu si wako."

Wanawake wakaketi chini kulizunguka gari, mbele na nyuma, wakanyoosha miguu. Walimpelekea Gervas ugali na maji ya kunawa, heshima zote za mgeni. Gari tu halitoki, walisema, mpaka wapimwe kweli. Aliwapigia simu wakubwa wake, na mwisho akapiga hospitali. Kesho yake Dorkas alifika na siki yake na mtungi wa gesi. Waliokutwa na kidonda kidogo walitibiwa hapohapo, nyuma ya kanga. Wapo hai, naonana nao kisimani. Chanjo yenyewe Damari hakuitukana. Alisema sindano haina kosa, ila wasichana wachomwe na mtu anayejulikana anakolala.

Alikufa alizeti zimeinamisha vichwa. Panga lile sasa nakatia kuni.

Wimbo aliutunga mkekani. Unamtaja Gervas na baba yake, na neno lake la uongo limo. Unachezwa kila harusi, umepanda treni umefika Manyoni na Itigi. Nimesikia Gervas akipita kwa treni hashuki tena kwenye stesheni zetu, kwa sababu wauza kuku humwimbia dirishani. Watu wa kanisa hunihimiza nisamehe. Mimi humkumbusha Leah aikaushe ngozi vizuri.

Siku ile wanawake walipofungua njia, Gervas hakuingia garini kwanza. Alikuja kumwinamia Damari, akamsihi asimlaani. Damari akamjibu:

"Sikulaani, mwanangu. Laana hufa na mwenyewe. Nimekutia kwenye ngoma."