Saa Iliyompongeza Wifi

Mimi kitu kinachonisifu kabla hakijanijua sikiamini. Ndiyo maana siku kaka yangu alipomletea mkewe saa ya kuhesabu kalori, machale yalinicheza papo hapo.

Mke wa kaka, yaani wifi yangu, ana duka la dobi. Mimi nafua, nakunja nguo, na mchana nampikia kwenye jiko la nyuma. Yeye ni mpiga pasi, tena si wa kubahatisha. Wateja wanamwita Mama Mstari, kwa jinsi suruali inavyotoka mezani kwake na mstari unaoweza kukata mkate. Lakini kusimama miaka yote hiyo kumemharibu goti. Daktari alikubali kumpasua kwa sharti moja: kwanza apunguze uzito. Tarehe imeshapangwa, lakini asipopungua hapasuliwi, na asipopasuliwa ataiaga meza ya pasi. Wifi bila pasi mimi simjui, na sidhani kama yeye mwenyewe anajijua.

Basi saa ikapokelewa kama mkwe. Kila jioni ilitetemeka mkononi, ikawasha rangi zake na kuandika: Hongera, umechoma kalori nyingi leo! Halafu simu iliyounganishwa na saa inamwambia amebakiwa na kalori ngapi za kula, naye anazila zote. Mkate wa pili, siagi juu yake, na soda ya kusukumia.

"Wifi, na hiyo soda?"

"Hii nimeshaichoma tangu asubuhi. Iulize saa."

"Umeichomea wapi? Si uko hapo mezani tangu tufungue?"

"Wivu huo, wifi."

Sikuacha kutazama. Mtu amesimama mahali pamoja kutwa, goti linamuuma mpaka anauma midomo, halafu saa inadai ametembea kama aliyekwenda mji wa pili na kurudi! Ilikuwa inamvika kilemba cha ukoka, na yeye anainamisha kichwa ili kimkae vizuri.

Kliniki, mzani ukasema mengine. Ameongezeka. Wifi akavua viatu, akavua mkanda, nesi akampandisha tena, mzani ukashikilia palepale. Tuliporudi, alinifuata jikoni. Akasimama nyuma yangu nikikaanga vitunguu, akainua chupa ya mafuta na kuitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii tulinunua lini?"

"Juzi."

"Imeshuka haraka."

Tangu hapo kila mchuzi aliuonja kwa ncha ya ulimi, kama mtu anayetafuta sumu. Siku moja nikakuta amechora alama ya kalamu kwenye chupa. Naam, alama! Mimi niliyemshika mkono alipokuwa akijifungua, leo nawekewa mtego wa chupa ya mafuta. Niliumia, tena sana. Na kwa hasira hizo nikaanza kuichunguza saa yake kwa jicho lilelile alilokuwa ananichunguza nalo mimi.

Aliivaa mkono wa kulia. Wengi huvaa kushoto, lakini mkono wa kushoto wa wifi ndio unaochovya kwenye bakuli na kunyunyizia nguo maji, naye hakutaka saa ilowe. Wa kulia ndio wenye pasi. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, mpaka tufunge duka.

Asubuhi iliyofuata nikamsogezea stuli ndefu mezani. "Kaa hapo. Shuka hili lipige pasi ukiwa umekaa."

"Una nini wewe?"

"Kaa, wifi. Nikikosea, naondoka mwenyewe hapa dukani."

Nilimwonyesha kwanza saa inasema ametembea hatua ngapi. Akakaa, mguu mbovu akaunyoosha, akaanza kupiga pasi huku akinisonya. Shuka halijafika nusu, saa ikatetemeka. Hongera! Endelea kutembea! Aliitazama namba iliyopanda, akautazama mguu wake. Uso ukamshuka.

"Inahesabu pasi," akasema.

"Inahesabu mkono. Haijui hata kama una miguu."

Aliiweka pasi pembeni, akaizima. Alipozungumza tena hakuniangalia. "Nilimwambia kaka yako unanitilia mafuta makusudi. Kwamba unataka nisipasuliwe, ili duka libaki kwako."

"Naye akasemaje?"

Badala ya kunijibu alimpigia kaka simu na kuweka sauti ya nje. Hata salamu hazijaisha, kaka akadakia: "Nimeshapata msichana wa kuchukua nafasi ya dada. Anaanza Jumatatu. Wewe usimwambie kitu, nitamwambia mimi."

Kaka yangu, tumenyonya ziwa moja, na hakuniuliza hata swali.

"Mwambie huyo msichana asije," wifi akasema. "Mwongo nilikuwa nimemvaa mwenyewe."

"Nani?"

"Saa yako. Dada yako hana kosa lolote, nilimsingizia."

Kaka akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa na upasuaji? Si wiki ijayo?"

Wifi alilishika goti lake kwa mikono miwili. Akalia, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumlaumu.