Rabarbari ya Selnes

Wifi yangu Gunnvor ana ulimi mkali, na mimi simlaumu hata kidogo. Mtu mwenye kaka kama mume wangu angekuwa na maneno ya sukari kwa sababu gani?

Alizaliwa Selnes, shamba la mwisho kabisa kwenye ghuba yetu, ambako theluji ikifunga barabara unasubiri mpaka itakapoamua kuifungua. Thorlakur, mume wangu, alipata kazi ya injini melini akaondoka angali kijana. Gunnvor akabaki na mama yao. Alilisha kondoo, alikata nyasi, na mama aliposhindwa kunyanyuka alimwogesha na kumgeuza kitandani. Alipomzika ndipo akahamia hapa kijijini na kuajiriwa kiwandani kupasua samaki. Msimamizi mmoja aliwahi kumwambia aongeze kasi, naye akamtia chewa mzima mikononi. "Haya, nionyeshe." Hakuna aliyerudia kumsimamia.

Shamba liliandikwa jina la Thorlakur kwa kuwa ndiye mwana wa kiume. Mwaka juzi akaliuza kwa watu wa Reykjavik waliotaka nyumba ya kupumzikia kiangazi. Hakumwambia dada yake. Hata mimi mkewe niliambiwa limeshakwenda. Gunnvor alizipata habari dukani akiwa na maziwa mkononi, tena kutoka kwa mwanamke aliyedhani anampongeza. Tangu siku hiyo hakumsemesha kaka yake, na nilimwona ana haki.

Wale wanunuzi walileta tingatinga kuchimba uani mahali pa kuweka beseni la kuogea maji ya moto. Na pale uani, kwenye ukuta wa kusini, ndipo mama yao alipopanda rabarbari yake siku alipoolewa. Hapa kwetu nyumba isiyo na rabarbari haijawa nyumba. Mabua yale mekundu machachu ndiyo jamu yetu, ndiyo uji wetu, ndiyo yanayochovywa kwenye sukari na watoto wote wa kijiji. Gunnvor alifika na koleo wakati dereva wa tingatinga anakula chakula cha mchana. Akapasua kisiki kimoja cha mizizi chenye macho machache ya kuchipua, akakifunga kwenye gunia. Kilichobaki kilizikwa siku hiyohiyo.

Alikipanda hapa kijijini, mbele ya dirisha la jikoni kwake. Akatia samadi ya kondoo na mwani wa pwani, akazungushia masanduku ya samaki kukinga upepo. Mwaka wa kwanza rabarbari haiguswi, maana majani ndiyo yanayoilisha mizizi. Ilipochipua, watoto wa jirani walikuja na vikombe vyao vya sukari, akawafukuza mpaka barabarani. "Mwakani!" akawafokea. "Mkija kabla, nitawachovya nyinyi!"

Mimi nilikuwa nikimsumbua Thorlakur kila anaporudi kutoka melini: nenda kamwombe dada yako radhi. Akawa ananuna, anaondoka. Kisha siku moja ya Juni akanipigia simu, sauti imejaa furaha, akaniambia nije kwa Gunnvor saa ya kahawa, nitaona jambo.

Nilikutana na wifi langoni, anatoka kiwandani. Tuliona pamoja. Majani mapana yamelundikwa kwenye ngazi, na katikati ya masanduku udongo mtupu. Jua la Juni likapiga pale pale, hakuna kilichofichika.

Thorlakur alikuwa jikoni kwa dada yake, kafunga aproni ya dada yake, anakoroga sufuria ya dada yake.

"Dada, karibu," akasema, utadhani nyumba ni yake. "Nimekupikia ule uji wa mama."

"Rabarbari umeitoa wapi?"

"Hapo hapo nje."

"Kwenu imejaa mpaka inaziba dirisha. Kwa nini hukung'oa ya kwenu?"

"Ile si ya Selnes. Nilitaka iwe ya mama."

"Ya mama! Leo ndiyo umemkumbuka mama? Kwa kijiko?"

"Ni mabua tu, dada. Yataota tena."

"Umenyofoa yote, hata moja hukuacha! Mwaka wa kwanza! Mtoto wa chekechea anajua!"

"Thorlakur, kichwani mwako mna nini?" nikamwuliza. "Mafuta ya injini?"

Gunnvor alichukua sufuria, akatoka nayo, akaumwaga uji wote kwenye rundo la samadi. Akarudi, akaisugua sufuria mpaka ikang'aa. Kisha akasema tumpishe, anataka kulala.

Mabua mawili yalijaribu kuota tena, membamba kama penseli. Theluji ikaja mapema. Majira ya kuchipua yalipofika, rabarbari za kijiji kizima zilitoa vichwa vyekundu ardhini. Kwa Gunnvor hakikutoka kitu. Nilimpeleka Thorlakur mwenyewe, nimemshika mkono wa koti. Akapiga magoti, akachimba kwa vidole, akaibuka na uozo mweusi unaomponyoka mkononi.

"Dada, nitakuletea kisiki kingine. Kikubwa."

"Kutoka Selnes?"

Machozi yalikuwa yanamtoka, mwanaume mzima, na sikumwonea huruma.

"Shamba uliuza bila kuniuliza," Gunnvor akamwambia. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniumiza. "Hiki nacho ukang'oa bila kuniuliza. Ungeniuliza, Thorlakur. Ningekwambia ngoja mwaka mmoja, na uji wa mama tungeula pamoja."

Akaniambia, "Wifi, kahawa iko tayari." Nikamwacha mume wangu hapo hapo na magoti yake kwenye udongo, nikaingia, nikafunga mlango.