Katoni Nilizozirudisha

Mjukuu wangu alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari wakati zile katoni zilipofika shuleni kwao, hapa Butembo. Wazazi wake wako Manguredjipa, wanalima na kuchimba dhahabu. Waliniachia mtoto ili asome. Prefe, mkuu wa shule, alikuwa ameshatuonya kwamba anayekosa-kosa kufika darasani hataandikishwa kwenye mtihani wa taifa. Na mjukuu wangu alikuwa anakosa kila mwezi. Nilimuuliza, akasema ni tumbo. Sikuamini. Nyumbani hapakuwa na mwanamke mwingine tangu mke wangu afariki, na mzee anayekaa na msichana peke yao huanza kusikiliza kila mlango unapolia.

Katoni zililetwa na gari jeupe lenye vioo vyeusi. Hilo peke yake lilitosha. Tangu Ebola tulikuwa tumezoea kuyatazama magari ya namna ile tukiwa nyuma ya pazia. Ndani mlikuwa na kotexi, pedi ambazo wanawake hutumia siku zao za mwezi, na tuliambiwa ni za bure. Butembo ni mji wa biashara. Hata ndugu yako anakuuzia. Nani analeta cha bure?

Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa kamati ya wazazi. Katika kikao nilichana pakiti moja, nikaweka kotexi kwenye sahani, nikaimiminia kikombe cha maji. Maji yakatoweka. Nikaipasua: ndani pamba ilikuwa imegeuka kitu cha kuteleza, kinachong'aa, kama mayai ya chura. Mama mmoja akafunika mdomo kwa kitenge.

Nikasema, "Munaona? Inakunywa maji, hairudishe. Sasa ikiingia kwa tumbo ya mutoto, atazala na nini?"

Sikuwa na ushahidi mwingine, wala hakuna aliyeudai. Mwalimu mmoja wa kike alijaribu kueleza. Tukamuuliza amepewa nini na wenye gari. Akakaa chini. Katoni zikarudishwa garini siku ileile, nami nikaenda nyumbani nikisalimiwa njia nzima. Wasichana walikuwa wamesimama kwenye veranda wakizitazama zikipita, mjukuu wangu kati yao. Jioni ile aliingia chumbani mapema, akafunga mlango. Nikaona hata mlango ule kufungwa kuna kitu.

Mwezi uliofuata akakosa tena. Nilijifanya nakwenda misa ya asubuhi, kumbe nikajificha kwenye mikaratusi nyuma ya nyumba. Akatoka na ndoo ndogo iliyofunikwa kitambaa, akaangalia huku na huku, akashuka mtoni. Nilimfuata na fimbo, nikiwa na hakika nitamkuta na kijana.

Hapakuwa na mtu. Alikuwa amechuchumaa, anakamua vipande vya sponji, na maji yaliyotoka yalikuwa mekundu. Niliitambua sponji ile kwa rangi yake ya kijani. Ilitoka kwenye godoro la marehemu mke wangu, ambalo nilikuwa nimelisimamisha ukutani chumbani na kukataza lisiguswe.

"Huyo kijana iko wapi?" nikauliza hata hivyo. Swali nilikuwa nimelibeba tangu nyumbani.

"Kijana gani, Sokulu?" Sokulu ni babu, kwa Kinande chetu. Hakuinuka. "Sponji inavuja. Nikikaa kwa kiti ya darasa, inaonekana. Njo sababu nabaki."

Akakamua kipande kingine, kisha akasema bila kunitazama, "Ile maji kotexi ilikunywaka siku ile, njo kazi yake. Weye mwenyewe ulibaonesha."

Nilirudi kwenye kamati. Nilichukua sahani ileile, maji, na kotexi niliyonunua dukani. Nikawaeleza kwamba kunyonya ndiyo kazi yake, kwamba haiingii tumboni, kwamba nilikosea na binti zetu ndio wanaolipia kosa langu. Walinisikiliza kwa adabu. Kisha jirani yangu, mnunuzi wa kahawa, akauliza polepole, "Muzee, na weye balishakununua?" Watu wakacheka. Katoni hazikurudi; nilisikia zilipelekwa shule moja ya mji wa Beni, upande wa Beu.

Mjukuu wangu hakuandikishwa kwenye mtihani mwaka ule. Sasa anarudia darasa, na hakosi tena. Kotexi namnunulia mimi. Mwenye duka huzitia kwenye mfuko mweusi, akinitazama, mgane wa umri huu, nami simwelezi kitu.

Yule jirani naye ana binti. Kuna siku za shule ninazomwona binti huyo amekaa mlangoni, kitenge kimefungwa kiunoni, akichambua maharage. Juzi nilimpelekea pakiti. Haikupita muda baba yake akaja kunirudishia, akiipitisha juu ya ua, haijafunguliwa.

"Inakunywa maji, hairudishe," akaniambia. Kisha akaanza kunieleza habari ya tumbo ya mutoto, taratibu, kwa upole, akidhani nimezeeka hadi nimesahau.